Theluthi Mbili

Mwangalizi wa jimbo alifika saa nane mchana,
gari lake jeupe kwa chumvi ya barabarani,
akafuta viatu mara tatu mlangoni
kama mtu anayeingia nyumba yenye msiba.
Nje, visiki vya mahindi vilichomoza thelujini,
mstari kwa mstari, hadi kwa akina Stoddard.

Kuhesabu nilipewa mimi, Lorena Haskett,
mtunza hazina miaka ishirini na sita,
nisiyewahi kupoteza senti ya Bwana
ila zile dola tano za mnada wa keki, mwaka wa mafuriko.
Karatasi zilikuwa za manjano. Swali moja:
kanisa la Harlow Fork libaki, ama litoke.
Halikutaja jina la mtu.
Halikumtaja Dell, mwana wa Verlene,
aliyewafundisha watoto wetu sauti ya pili na ya tatu,
akahamia Louisville, akarudi Krismasi moja
na mwenzake, Curtis, mwenye tai ya kijani.
Wakaketi benchi la sita.
Benchi la tano likagundua ghafla kwamba kuna baridi,
likahamia karibu na jiko.

Miezi minane tulisema "hati ya ardhi."
Tulisema "Maandiko," tukasema "askofu," "ada ya kutoka,"
na makaburi je, ni ya nani?
Russell Tackett alisoma Warumi hadi miwani ikamteleza puani.
Verlene akainuka, akasoma Ruthu.
Biblia yenyewe ni moja, bibi yao aliinunua kwa pesa ya kuku,
maana hawa wawili ni ndugu, tumbo moja,
na hupokezana kuitunza, mwaka huyu, mwaka yule.

Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime.
Lakini ilikuwa Januari. Udongo ulikuwa chuma.
Tukabaki ndani, tukasikiliza.

Nilipanga kura juu ya meza ya ushirika,
palepale pa mkate,
mafungu ya kumikumi kama noti za sadaka.
Ndiyo. Ndiyo. Hapana. Ndiyo.
Kuna ndiyo iliyokandamizwa hadi karatasi ikatoboka;
nikasema moyoni, huyu Russell.
Kisha ikaja hapana, nayo imetoboka vilevile.
Wanaokandamiza kalamu hivyo ni wawili tu,
mama yao aliwafundisha mezani, penseli moja.
Ipi ya nani, sikuuliza.

Tulikuwa tisini na mmoja. Ilitakiwa sitini na moja.
Nilipata sitini na moja.
Nikahesabu tena: sitini na moja.
Mara ya tatu nilihesabu taratibu,
nikiomba, kwa mara ya kwanza maishani, kitu kipotee.

Yangu ilikuwa miongoni mwa hizo.
Nilijiambia ni kwa ajili ya kaburi la Emmett,
hatua arobaini kutoka dirishani,
nisije nikaomba ruhusa ya mtu kulipalilia.
Nilijiambia hivyo nikiendesha kurudi nyumbani.
Bado najiambia.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwangalizi aliomba,
sala fupi, ya mtu mwenye safari.
Jikoni, Verlene alifungua kabati la juu
akatoa mabakuli yake ya glasi, moja moja,
STODDARD kwenye utepe chini ya kila moja,
akayafunga kwa gazeti la wiki iliyopita.
Russell alisimama mlangoni ameshika koti la dadake,
hajui amvalishe au alitundike tena.
Mwisho aliliweka juu ya kiti, akatoka,
nikamsikia akikwangua barafu kwenye kioo cha gari,
si lake.

Katika yale mabakuli lilikuwamo langu moja,
la bluu, jina limefifia kwa kuoshwa.
Nililiona likifungwa. Sikusema.
Huenda liko kwake hadi leo.
Huenda liko Louisville, lina viazi.